Jinsi ninavyompima mgeni wa Test

Desemba 2024, saa nane na nusu za usiku, niko kochini nimejifunika shuka, televisheni nimeizima sauti nisiwaamshe watu. Kule Melbourne kuna kriketi ya Test, ile ya mataifa inayochezwa hadi siku tano: Australia wamemvalisha kofia ya mechi yake ya kwanza kijana wa miaka 19, Sam Konstas, na anayemrushia ni Jasprit Bumrah wa India, ambaye mfululizo mzima alikuwa akiwatesa wakubwa zake. Kijana kageuza gongo, mpira ukapaa nyuma ya mlinda wiketi hadi nje ya kamba. Sita, mikimbio sita kwa pigo moja! Alipotolewa alikuwa na mikimbio (ndizo alama za kriketi) 60 kwa mipira 65, nami nilikuwa nimeshamwandikia sahibu yangu: huyu atapiga mia kwenye zamu moja kabla hajamaliza mechi yake ya tano, tuwekeane sahani ya viazi karai.

Mechi ya tano akaicheza Jamaica mwaka uliofuata. Katika ziara ile ya West Indies, zamu zake sita za kupiga ukizijumlisha zilileta mikimbio 50. Viazi nilivilipa mimi, na pilipili juu.

Kilichoniudhi si viazi. Ni kwamba nilivunja kanuni niliyofunzwa na ami yangu zamani, tukiwa tumekaa pembezoni mwa uwanja wa Mombasa Sports Club, yeye ana kitabu cha alama na mimi ninamchongea penseli. Nilikuwa nikirudi kutoka kununua mabuyu namuuliza fulani kapata ngapi. Ananijibu bila kuinua kichwa: "Ngapi haina kazi. Niulize katoka vipi."

Kwa hivyo chukua daftari la shule, la kurasa 96 linatosha. Kila mgeni, yaani mchezaji anayeanza Test, ana ukurasa wake. Kabla mpira wa kwanza haujarushwa, andika juu kabisa ameitwa kufanya kazi gani, maana baadaye utasahau. Ashton Agar wa Australia aliingia Trent Bridge, Uingereza, mwaka 2013 akiwa na miaka 19, akapiga 98 akiwa mpigaji wa kumi na moja, yaani wa mwisho. Hakuna aliyewahi kupata nyingi hivyo katika nafasi ile, na dunia nzima ikampenda. Lakini aliitwa kurusha spini, mipira ya polepole inayozunguka, na katika mechi mbili alizopewa mfululizo ule alipata wiketi mbili tu, yaani aliwatoa wapigaji wawili, kisha akaachwa. Mwenzake Steve Smith naye aliingia Lord's, London, mwaka 2010 kama mrushaji wa spini, akipiga katika nafasi ya nane, na leo ana zaidi ya mikimbio 10,000. Kwa Smith daftari langu lingeshindwa kabisa, nakiri.

Sasa mpigaji. Mipira yake 30 ya kwanza ihesabu mmoja mmoja. Mpira alioukutanisha na katikati ya gongo, weka nukta. Aliouacha upite kwa kujua, weka duara. Uliogusa ukingo au uliompita akiufukuzia, weka msalaba. Tazama mguu wa mbele unatua wapi: ukiuendea mpira, vizuri; ukibaki umepandwa kama mti, jua warushaji wameuona kabla yako. Mimi huyapenda maduara kuliko nukta. Mgeni anayeacha mipira ana moyo uliotulia. Ule usiku wa Melbourne ova ya kwanza tu (mipira sita) Bumrah alimpita Konstas mara kadhaa, misalaba imejipanga kama uzio, nami nikaipuuza kwa sababu ya ile sita.

Akitoka, chora alivyotoka. Zamu ya pili akitoka vilevile, pigia mstari kwa kalamu nyekundu. Timu zina wachambuzi wa video, na mlango ulioachwa wazi Jumatano utaingiliwa na kila mtu kufikia mwezi ujao.

Kwa mrushaji, anza na anga na ardhi. Bob Massie wa Australia alichukua wiketi 16 kwa mikimbio 137 pale Lord's mwaka 1972, mpira ukipinda hewani siku nzima. Alicheza mechi sita tu za Test maisha yake yote, na hizo tano nyingine zilimpa wiketi 15. Narendra Hirwani wa India naye alipata 16 kwa 136 dhidi ya West Indies mwaka 1988, kwenye kiwanja cha Chennai kilichokuwa kinageuza mpira kwelikweli. Alimaliza na wiketi 66 katika mechi 17. Upande wa pili, Shane Warne alianza Sydney Januari 1992 kwa wiketi moja iliyomgharimu mikimbio 150. Lakini soma ni nani waliompiga: Ravi Shastri aliyefikisha 206, na Sachin Tendulkar. Warne akaja kufikisha wiketi 708.

Kitu cha pili kwa mrushaji ni uso baada ya kupigwa. Tom Hartley wa Uingereza, Hyderabad, India, Januari 2024, saa za mchana kwetu, chai mkononi: mpira wake wa kwanza kabisa Yashasvi Jaiswal aliupeleka sita. Zamu hiyo akaishia wiketi 2 kwa mikimbio 131. Niliandika pembeni, "hajabadili hatua zake." Zamu ya pili akawachukua saba kwa 62, Uingereza wakashinda kwa mikimbio 28.

Sufuri za mpigaji usizikimbilie kuzihukumu. Marvan Atapattu wa Sri Lanka, zamu zake sita za kwanza: 0, 0, 0, 1, 0, 0, katika mechi tatu zilizotawanyika kati ya 1990 na 1994. Alistaafu na mikimbio 5,502, mia 16, sita kati yake zikiwa za kuvuka mia mbili. Watu hupenda kumtaja kila kijana wao anapoboronga, nami huwa nawauliza: waliopata sufuri wakarudi nyumbani moja kwa moja ni wangapi, na nani anawakumbuka? Atapattu aliitwa tena kwa sababu huko kwao alikuwa akirundika mikimbio kila msimu. Basi rekodi ya mechi za ndani ya nchi yake iandike nyuma ya ukurasa, hasa zamu ndefu.

(Steve Tikolo wetu sikuwahi kumfungulia ukurasa. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, lakini hadhi ya Test hatukupewa.)

Baada ya mechi ya tano, hesabu misalaba ya mipira 30 ya kwanza katika kila zamu. Ikipungua huku wapinzani wakiwa wameshamsoma, hapo ndipo mimi huweka dau. Ya Konstas haikupungua. Nimeacha nusu ukurasa tupu chini ya jina lake, na sahibu yangu ameshaulizia kama sahani ya pili ipo.