Kumtafuta babu aliyekuwa askari wa Mjerumani: anzia kwa shangazi

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Dar, na faili nyingi zinazonipitia mikononi ni za mirathi. Nyumba moja ya Gerezani, warithi tele, na mzee mmoja anayesema, "Babu yetu alikuja na Mjerumani." Basi, hapo ndipo habari inapokatikia. Mtu wa namna hiyo anafuatika, ila kuna mpangilio wake.

Usikimbilie Nyaraka za Taifa. Kaa kwanza na mashangazi na mabibi, uwaulize watoto wa mzee walizaliwa wapi, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Askari wale walihama na wake zao na watoto wao, kwa hiyo alipozaliwa mtoto ndipo aghalabu lilipokuwa boma la baba. Ukiambiwa wa kwanza Pangani, wa pili Kilosa, wa tatu bomani Iringa, umeshapata njia yake kabla hujafungua faili hata moja. Na kwa kuwa mji wa Iringa wa sasa Wajerumani waliuanzisha 1896, huyo wa tatu hawezi kuwa mkubwa zaidi ya hapo.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Uliza kama ni kabla au baada ya kufa Mkwawa (Julai 1898), kabla ya kodi ya nyumba (1898), au wakati wa Majimaji (1905). Bibi asiyejua mwaka aliozaliwa mwenyewe atakujibu hapo hapo, tena atakusahihisha.

Halafu lichunguze jina. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alipounda jeshi lake mwaka 1889 aliajiri Wasudani kutoka Cairo, na vyeo vya jeshi la Misri vikaja nao: ombasha (koplo), shaushi, betshaushi, sol, efendi (afisa). Kwa hiyo ukikuta "Shaushi" kwenye hati ya zamani, huenda si jina la mtu bali ni cheo, kama sajini. Usipoteze wiki ukitafuta ukoo wa akina Shaushi.

Kundi jingine Wissmann alilitoa Inhambane, Msumbiji. Mji mzima wa Dar unalijua kwa sababu ya akina Sykes, ukoo maarufu hapa. Sykes Mbuwane alikuja na kundi hilo. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani 1894, akalelewa na Efendi Plantan, askari mwenzake baba yake, na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama cha Waafrika, mwaka 1929. Mtaa wa Kipata hapa Dar leo una jina la Kleist. Hebu tazama: baba alitoka Msumbiji, mtoto ana jina la Kijerumani, mlezi si ndugu wa damu. Ungeanza na jina peke yake ungefika wapi? Kwa hiyo kwenye daftari lako weka safu ya walezi. Kwa familia za askari naiona muhimu kuliko safu ya wajomba.

Sasa nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Mtaa wa Vijibweni. Majalada ya Wajerumani yana alama ya G. Omba kwa jina la kituo na miaka, usiombe kwa jina la babu. Majalada yalifunguliwa kwa ajili ya shughuli za serikali, si kwa ajili ya ukoo wako. Nenda na penseli, na ujiandae kukutana na mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao hata anayekijua Kijerumani cha leo unamtoa jasho. Akikwambia mtu ulipie utafutaji Ujerumani, jua kwamba hifadhi ya jeshi kule Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Karatasi za wizara ya makoloni zilisalimika na ziko Berlin, chini ya alama R 1001, lakini humo utakuta habari za vituo na vita kuliko za ombasha mmoja.

Ukishapata yote hayo, chora mti wa ukoo kabla ya kikao cha familia, na kila mtoto umwandikie jina la mama yake na mji aliozaliwa. Wanaume watakwambia majina ya baba yanatosha. Usikubali. Mzee aliyekaa vituo vitatu huenda aliacha mke Kilosa na mwingine Tabora, na mjukuu wa Tabora akija mahakamani atakuja na jina la bibi yake.