Akili mnemba kwenye kazi za afya wilayani: ninavyoituma na ninavyoikagua

Kipeperushi cha kwanza nilichoandikiwa na akili mnemba (AI) kilikuwa cha kipindupindu. Kilikuja baada ya sekunde chache, Kiswahili fasaha, hakina hata nukta iliyokosewa. Kikawaambia wavuvi "wavute maji kila watokapo chooni." Mwalo wenyewe, yaani ufuko wanakofikia wavuvi na mitumbwi yao, ni mchanga na mawe, ukichimba kidogo unakutana na maji ya ziwa, na vyoo vichache vilivyopo ni vya shimo. Chini yake kulikuwa na maelezo ya kuchanganya maji ya sukari na chumvi nyumbani endapo pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, zimekosekana: vijiko sita vya chai vya sukari, kijiko kimoja cha chumvi, lita moja ya maji safi. Kipimo cha chumvi ni nusu kijiko. Aliyeizoea kazi hii analiona kosa kabla hajamaliza mstari, maana chumvi ikizidi inamdhuru mtoto ambaye tayari ameishiwa maji. Asiyeizoea angepiga chapa nakala mia tano.

Mimi ni afisa afya wa halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Tangu siku ile akili mnemba naipa kazi ile tu ambayo mimi mwenyewe naweza kuikagua. Kazi za namna hiyo ni nyingi kuliko nilivyodhani, na wenzangu wengi wananiuliza naanzia wapi.

Anza na majina ya watu, kabla hujafungua chochote. Orodha ya wagonjwa wa mlipuko ina jina, umri, jinsi, kitongoji, namba ya simu, tarehe ya kuanza kuugua na tarehe ya kulazwa. Ukiibandika nzima kwenye chatboti ya bure, umeshaituma kwenye kompyuta iliyo nje ya nchi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu zimo kwenye kundi linalolindwa zaidi. Kwa hiyo tengeneza nakala, futa jina na simu, weka namba (M01, M02), na umri uugeuze kuwa kundi. Kisha tazama tena. Kitongoji chenye mgonjwa mmoja tu, mwanamke wa zaidi ya miaka 70, hakihitaji jina: kijiji kizima kinamjua. Hapo taja kata peke yake. Jumla za mwezi za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, hazina majina, zenyewe hazinipi shida hiyo, ila bado naomba ruhusa ya Mganga Mkuu wa Wilaya kabla hazijatoka ofisini.

Kwenye hesabu ndiko watu wanakoumia. Vyombo hivi hupanga maneno vizuri kuliko vinavyohesabu. Niliwahi kuipa mistari 140 niliyoinakili kutoka Kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, nikauliza wa kuhara ni wangapi. Ikajibu bila kusita. Nikauliza tena, ikaleta namba nyingine, bila kusita vilevile. Siku hizi siiambii ihesabu, naiomba iniandikie fomula ya Excel, kompyuta ndiyo ihesabu. Namna ninavyoagiza ni hivi:

"Nina jedwali la Excel. Safu C ni jina la mwalo, safu F ni tarehe ya kuanza kuugua. Niandikie fomula ya kuhesabu wagonjwa wa Mwalo A walioanza kuugua kuanzia Jumatatu tarehe 6 Januari 2025 hadi Jumapili tarehe 12 Januari 2025. Nieleze kila kipande kinafanya nini."

Inarudisha kitu kama hiki:

=COUNTIFS(C:C,"Mwalo A",F:F,">="&DATE(2025,1,6),F:F,"<="&DATE(2025,1,12))

Sasa ijaribu kwa mistari kumi unayoihesabu kwa kidole. Zikilingana, endelea. Zikigongana, mara nyingi fomula haina kosa, kosa liko kwenye data. Kuna "Mwalo A" na kuna "Mwalo A " yenye nafasi ya ziada nyuma, na Excel inaona vitu viwili. Kuna tarehe 03/04, ambayo karani wa zahanati aliiandika akimaanisha 3 Aprili, na kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani ikaisoma 4 Machi. Kwenye mlipuko, mwezi mmoja wa uongo unakuhamishia chanzo. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 tangu mtu ameze vimelea, kwa hiyo tarehe ya kuanza kuugua ndiyo inayokuonyesha ni harusi ipi, au kisima kipi, ukakiulize. Hapa akili mnemba ina faida ya kweli: iombe fomula ya kukutafutia tarehe zote zilizo nje ya kipindi cha mlipuko na majina yote ya vijiji yanayofanana lakini hayalingani. Kazi iliyokuwa ikinila Jumamosi nzima sasa inaisha kabla chai haijapoa. Kurekebisha zile tarehe, hata hivyo, ni simu kwa zahanati husika. Usiiruhusu ikukisie.

Maelezo ya tiba yasitoke kichwani mwake. Nikitaka muhtasari kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, naipakia kurasa za mwongozo uliopo ofisini na kuagiza: "Tumia maandishi haya tu. Kisichomo humu, andika 'hakimo'." Halafu naweka alama kwenye kila namba iliyoandika na kuirudisha kwenye ukurasa wake. Zinki kwa mtoto anayeharisha ni miligramu 20 kwa siku kuanzia miezi 6, miligramu 10 chini ya hapo, siku 10 hadi 14. Nataka kuziona namba hizo kwenye karatasi ya mwongozo, si kwenye kioo cha simu. Namba za simu pia. Iliwahi kunibunia namba ya dharura inayovutia kabisa, imepangika vizuri, sijui ingempigia nani. Ya Wizara ya Afya ya bila malipo ni 199, naiandika kwa mkono wangu.

Kuna aina nyingine ya akili mnemba, ile inayosoma picha za eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Wenzangu wakiniuliza kama inachukua nafasi ya daktari, nawakumbusha panya wa Morogoro. Wale panyabuku wa APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine wananusa makohozi, wakisimama kwenye sampuli, maabara inaipima upya. Panya anaonyesha wapi patazamwe. Hapewi kalamu ya kuandika dozi. Mashine nayo ikisema picha hii ina mashaka, mtu anapelekwa kupimwa makohozi.

Narudi kwenye kipeperushi, kwa sababu ndicho wengi mtakachoanza nacho. Usiombe "andika ujumbe kuhusu kipindupindu." Mweleze msomaji wako ni nani: wavuvi wa dagaa na wachakataji, wengi wameishia darasa la saba, wanakunywa maji ya ziwa, choo ni cha shimo au hakuna, zahanati iko ng'ambo kwa mtumbwi. Omba maneno yasiyozidi 80. Ikishaandika, mpe mtu asome kwa sauti, na asiwe mtumishi wa afya.

Mimi nilimpa mama ntilie wa pale mwaloni. Alipofika kwenye "upungufu wa maji mwilini" akapita kama hajaona kitu. Nikamwuliza maana yake. "Dokta, si kiu?" Tukaandika: macho yameingia ndani, mdomo mkavu, hakojoi. Kwenye "choo kama maji ya mchele" akacheka, yeye maji ya mchele ndiyo anayochemshia wali. Ikawa "kama maji yaliyooshewa mchele." Klorini hakuijua, dawa ya maji aliijua. Na pale palipoandikwa "wahi kituo cha afya" akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa mtumbwi wa nani, na usiku analipa nani.

Hilo halikuwa swali la kompyuta. Nililipeleka kwa mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa mwalo, akataja wenye mitumbwi wawili waliokubali kubeba mgonjwa saa yoyote, malipo baadaye, na namba zao zikaingia kwenye kipeperushi kwa idhini yao, juu kabisa, hata kabla ya habari za kunawa mikono. Kuandika na akili mnemba kulinichukua saa moja. Kumsikiliza mama ntilie, mwenyekiti na wenye mitumbwi, siku mbili. Jumatano kikapigwa chapa, na Alhamisi alfajiri wahudumu wetu walikuwa wamesimama mchangani nacho, taa za wavuvi wa dagaa zikirudi.