Kufundisha Mikondo ya Fikra za Uchumi kwa Kutumia Tukio Moja

Mwalimu anayetaka wanafunzi wajue kwamba somo la uchumi lina mikondo zaidi ya mmoja asianze na orodha ya majina, leo Marx na kesho Keynes, kwa kuwa orodha hukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahaulika mara baada yake. Aanze na tukio ambalo wachumi wenyewe walilibishania, kama vile mtikisiko wa uchumi wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni na sukari zilipoadimika madukani.

Kwanza yatajwe mambo yasiyo na ubishi: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, na njia kuu za uchumi kuwa mikononi mwa dola tangu Azimio la Arusha. Kisha zisomwe dondoo za nyaraka mbili. Mpango wa Lagos, uliopitishwa na wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mwaka 1980, uko karibu na nadharia ya utegemezi, kwani unaona tatizo katika nafasi ambayo Afrika imepewa kwenye biashara ya dunia. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1981, iliyoandaliwa chini ya mchumi Elliot Berg, inafuata mantiki ya soko na kuzilaumu zaidi sera za ndani: sarafu iliyokuzwa thamani kupita kiasi, bei duni kwa wakulima na mashirika ya umma yasiyo na tija.

Kila kundi litetee waraka mmoja, kisha makundi yabadilishane. Kazi kubwa iwe katika swali hili: ni takwimu zipi, zikipatikana, zingedhoofisha hoja yenu? Hapa mwalimu asiharakishe. Bei ya kahawa, kwa mfano, ilipaa hadi mwaka 1977 baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Anayeanza kuhesabu mwaka 1977 ataonyesha anguko la kutisha, na anayeanza miaka michache nyuma ataonyesha jambo jingine. (Vitabu vingi vya kiada hukwepa somo hili, nami naliona kuwa la thamani kuliko fasili zote.)

Katika kusahihisha, alama zisitolewe kwa kuchagua upande, bali kwa kuieleza hoja ya mpinzani kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali. Zoezi la mwisho linaweza kuwa makubaliano ya Tanzania na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ya mwaka 1986, yakipimwa kwa mikondo yote miwili.