Kabla ya kupigwa picha: ubongo unaposhuka kwenye sainasi

Kinyama kilichoonekana puani, hasa cha upande mmoja, kisikatwe kabla ya picha. Naanza na hili kwa kuwa madhara yake ni makubwa. Kati ya ubongo na paa la pua na la sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo kwenye mifupa inayozunguka pua, pana mfupa mwembamba mno. Ukitoboka, utando wa ubongo, pengine na ubongo wenyewe, huteremka ukafanana kabisa na kinyama cha kawaida. Kukikata ni kuyafungulia njia maji ya ubongo yavuje na vijidudu vipate kupanda juu.

Kabla ya siku ya kipimo, kama pua inatoa maji, chunguza yanatoka tundu lipi. Yakiwa maangavu, na yakidondoka upande uleule kila ukiinama kufunga kamba za viatu, mweleze daktari hivyohivyo. Yakinge kwenye kichupa safi: maabara zenye uwezo hutafuta beta-2 transferini, protini iliyomo kwenye maji ya ubongo ambayo kwa kawaida haimo kwenye kamasi. Taja ajali ya kichwa hata kama ni ya zamani, upasuaji wa sainasi, na homa ya uti wa mgongo iliyowahi kukupata. Maumivu ya kichwa ya muda mrefu na kuona ukungu navyo usivifiche, maana shinikizo ndani ya fuvu huweza kuula mfupa taratibu bila ajali yoyote.

Mara nyingi picha moja haitoshi. CT, yaani eksirei inayopiga picha kipande kwa kipande, huonyesha mfupa, na fomu iombe vipande vyembamba, visivyozidi milimita 1, kwani tundu dogo hupotea katika vipande vinene. Lakini kwenye CT kamasi, utando na ubongo vyote huweza kuonekana kijivu tu. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu, ndiyo huonyesha kama kilichoshuka ni mfuko wa maji au ubongo, na daktari wa upasuaji hawezi kupanga kazi bila kulijua hilo.

Kwa MRI, sema mapema kama una betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Ujauzito, maradhi ya figo na mzio wa dawa vitajwe pia. Picha za zamani zibebe zote.

Ukisubiri zamu yako, usipenge kwa nguvu wala usikubali mpira upitishwe puani. Homa ikija pamoja na shingo kukakamaa, nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo.