Jinsi ya kuisoma Ulysses ukiwa na kitabu cha mwongozo, hatua kwa hatua

Wengi wetu tuliopita sekondari tuliijua miongozo ya riwaya kwa matumizi mamoja tu: mtihani ukikaribia unausoma mwongozo, unakariri dhamira na wahusika, na riwaya yenyewe inabaki kabatini. Nilipoianza Ulysses ya James Joyce nilifanya vivyo hivyo. Nilisoma maelezo ya sura, kisha nikaifungua sura yenyewe nikakuta kila kitu kimeshatafunwa. Nikaacha nilipofika sura ya sita, na Joyce sikuwa nimekutana naye bado. Nilikuwa nimekutana na watu wanaomweleza.

Mara ya pili nilibadili mpangilio: riwaya kwanza, mwongozo katikati, kisha riwaya tena. Nikafika mwisho. Baadaye nimeirudia na wenzangu watatu kwa njia hiyohiyo, na sote tulimaliza.

Kwa ambaye hajaishika: riwaya hii ilitoka Paris tarehe 2 Februari 1922, siku Joyce alipotimiza miaka 40. Ina sura 18, na karibu yote inapita katika siku moja, tarehe 16 Juni 1904, mjini Dublin. Leopold Bloom anatafuta matangazo ya biashara kwa ajili ya gazeti. Anajua kwamba saa kumi alasiri mwanamume mwingine atamtembelea mkewe, Molly, naye anashinda mjini kutwa. Stephen Dedalus ni kijana anayefundisha shule na kutamani kuwa mwandishi, na bado anamlilia mama yake. Kisa kinaweza kusimuliwa kabla chai haijapoa. Kinachowashinda watu ni usimulizi, maana karibu kila sura ina namna yake.

Hatua ya 1: Hakikisha riwaya na mwongozo vinasomana

Tuliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu mwongozo ulitaja mstari ambao vitabu vyetu havikuwa na namba zake. Toleo lililohaririwa na Hans Walter Gabler mwaka 1984 lina namba za mistari zinazoanza upya kila sura, na kitabu cha tanbihi cha Don Gifford kinafuata namba hizo. Ukiona 4.1, maana yake ni sura ya nne, mstari wa kwanza. Matini ya mwaka 1922 inapatikana bure kwenye intaneti na inasomeka vizuri, ila tanbihi utazitafuta kwa maneno badala ya namba. Inawezekana, lakini jipe muda.

Ujue pia kwamba miongozo haifanyi kazi moja. Kitabu cha Harry Blamires, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1966, kinakusimulia kinachotokea, ukurasa baada ya ukurasa. Kile cha Gifford na mwenzake Robert Seidman ni tanbihi tupu: majina ya mitaa, nyimbo, Kilatini, siasa za Ireland. Kina kurasa zaidi ya 600, na hakikuandikwa kisomwe mfululizo. Cha Stuart Gilbert cha mwaka 1930 kinatoa ramani ya riwaya, karibu kila sura na saa yake na kisa chake katika Odisea, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, na sura kadhaa na rangi na kiungo cha mwili. Ramani hiyo ilitoka kwa Joyce mwenyewe.

Kama pesa inatosha kitabu kimoja tu, mimi ningenunua cha Blamires. Kupotea kwenye kisa kunamvunja moyo msomaji mgeni kuliko kutoelewa jina la mtaa.

Hatua ya 2: Andika ratiba ya siku kwenye ukurasa mmoja

Hili ndilo jambo pekee ninaloruhusu litoke kwenye mwongozo kabla ya kusoma. Sura za Ulysses hazikuchapishwa na majina, lakini kila anayezizungumzia anatumia majina ya Homer: Telemachus, Nestor, Proteus, Calypso na kuendelea. Bila majina hayo hutaweza kuutumia mwongozo wowote. Chora safu nne kwenye daftari: namba ya sura, jina, saa, mahali.

Ukishaandika saa utaona jambo. Sura ya kwanza inaanza saa mbili asubuhi, ya pili saa nne, ya tatu saa tano. Sura ya nne inarudi saa mbili. Stephen amekula asubuhi yake sura tatu, sasa asubuhi hiyohiyo inaanza upya nyumbani kwa Bloom. Asiyejua hili hudhani amekosea ukurasa.

Weka penseli tayari, kwa sababu katika sura ya kwanza wingu linaanza kulifunika jua polepole, na Stephen analiona kutoka kwenye mnara karibu na bahari. Katika sura ya nne wingu linaanza kulifunika jua polepole, kwa maneno yaleyale, na Bloom analiona akirudi kutoka buchani na figo yake. Ni wingu moja. Watu wawili ambao hawajakutana wameingiwa na huzuni chini ya kivuli kimoja. Nilipoligundua mwenyewe nilisimama nikatembea chumbani.

Hatua ya 3: Soma sura yote, mwongozo umefungwa

Uweke kwenye chumba kingine kama ni lazima. Soma kwa sauti ukiweza, hasa mazungumzo. Joyce hatumii alama za kunukuu, anaanza kila kauli kwa kistari. Mawazo ya mtu hayana alama yoyote: sentensi ya msimulizi inaisha, na sentensi inayofuata tayari iko ndani ya kichwa cha Bloom. Ukiona maneno yamekatika katikati, kitenzi hakipo, mambo yanarukiana, huenda uko ndani ya mtu.

Usisimame penye ugumu. Weka alama pembeni, uendelee. Sisi tulitumia herufi tatu. N ni nani anasema au anawaza hapa. M ni neno nisilolijua. J ni jambo la nje ya kitabu: wimbo, dini, siasa, mtaa.

Herufi hizi zinatufaa sisi tunaosoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Tunakimbilia kudhani kila tusichokielewa ni upungufu wetu wa lugha. Ukihesabu alama zako utashangaa J zilivyo nyingi, na J zinawasumbua hata wenye Kiingereza chao. Buck Mulligan, mwenzake Stephen, anafungua riwaya akiwa amebeba bakuli la kunyolea na kutamka maneno ya Kilatini. Mkatoliki mzee aliyekulia katika misa ya Kilatini atayatambua mara moja kuwa maneno ya padri anapoanza misa, na ataona bakuli limefanywa kikombe cha altare. Hapo yeye anawazidi wasomaji wengi wa London.

Hatua ya 4: Sasa fungua mwongozo, kwa mpango

Soma kwanza muhtasari wa sura uliyoimaliza. Majibu mengi ya N yatapatikana hapo. Halafu nenda kwenye tanbihi, na utafute alama zako za J peke yake. M mpe kamusi.

Nasisitiza "alama zako" kwa sababu tanbihi zina mvuto mbaya. Unafuata jina la mfanyabiashara wa mwaka 1904, unapata anwani ya duka lake, unapata duka la jirani, na nusu saa imekwisha bila wewe kurudi kwa Bloom. Tanbihi inayofaa ni ile inayojibu swali lililokuuma. Stephen, kwa mfano, anajirudia maneno ya ajabu yanayosomeka "agenbite of inwit". Yamkini uliweka alama, na uliyakuta tena, ukaweka nyingine. Tanbihi itakuambia yanatoka katika jina la kitabu cha dini cha Kiingereza cha karne ya 14, na maana yake ni majuto ya dhamiri. Mama yake Stephen, akiwa anakufa, alimwomba apige magoti na kusali, naye akakataa. Ukishajua, kila mahali maneno hayo yanapojitokeza yanauma.

Hatua ya 5: Rudi kwenye sura

Watu huiruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo kazi yenyewe. Si lazima urudie sura yote. Rudia kurasa ulizozijaza alama.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu. Mwishoni mwa sura ya tano Bloom anakutana na Bantam Lyons, anayetaka kuangalia habari za mbio za farasi kwenye gazeti lake. Bloom hampendi, anataka aondoke, anamwambia abaki nalo, alikuwa anataka kulitupa tu. Lyons anamkazia macho, anamrudishia gazeti, anasema atajaribu bahati, anakimbia. Ukisoma mara ya kwanza huelewi kwa nini amekimbia. Weka alama. Ukienda kwenye tanbihi mapema utaambiwa kwamba siku hiyo, katika mbio za Ascot, kweli alikuwepo farasi aitwaye Throwaway, jina lenye maana ya kitu cha kutupwa, na kwamba alishinda kwa 20 kwa 1. Lyons alidhani Bloom anamnong'oneza siri.

Hapo mwongozo umekujibu, lakini pia umekupokonya kitu. Joyce alitaka ukae na fumbo hilo mpaka sura ya 12, ambapo wanywaji baani wanaamini Bloom ameshinda pesa na hataki kuwanunulia vinywaji, na chuki yao kwake, ya ubaguzi dhidi ya Wayahudi, inapanda hadi anatupiwa bati la biskuti. Yeye mwenyewe hajui chochote kuhusu farasi. Kwa hiyo tuna kanuni: alama ya J iliyo ndani ya kisa, inayohusu kwa nini mtu ametenda jambo, tunaiacha wazi kwa sura mbili zaidi kabla ya kutafuta jibu.

Hatua ya 6: Jua sura za kuvunja kanuni

Sura ya 14 anza na mwongozo. Wanaume wanakunywa katika hospitali ya wazazi wakati Mina Purefoy yuko kwenye uchungu, na Joyce anasimulia kwa kupitia mitindo ya nathari ya Kiingereza tangu zamani sana hadi siku zake. Ni kama mtu aanze kwa Kiswahili cha tenzi kongwe za Pate, apite karne baada ya karne, amalizie kwa Sheng ya kwenye matatu. Huwezi kuifurahia bila kujua kinachofanyika.

Sura ya 11 inaanza na vipande karibu 60 visivyo na maana. Usiuguse mwongozo, maliza sura, kisha urudi mwanzo, utavitambua vyote kama mtu anayeusikia tena wimbo. Sura ya 17 ni maswali na majibu, na aliyesoma katekisimu atajihisi nyumbani. Sura ya 18, ya Molly, ni sentensi nane ndefu karibu bila vituo. Funga kila kitu, soma kwa sauti usiku. Kama sauti yako inakuchosha, redio ya taifa ya Ireland ilirekodi riwaya nzima mwaka 1982, kwa takriban saa 30, na waigizaji wanakuonyesha pa kuvuta pumzi.

Hatua ya 7: Acha ukurasa mmoja mtupu

Makaburini, sura ya sita, anatokea mwanamume aliyevaa koti la mvua. Hakuna anayemjua. Mwandishi wa habari anamuuliza Bloom kuhusu yule jamaa aliyevaa… na Bloom anamalizia jina la koti, macintosh. Mwandishi anaandika M'Intosh, na jioni gazeti linamtaja miongoni mwa waombolezaji, huku Bloom akichapishwa kama Boom. Miongozo ina watu kadhaa inaowapendekeza, na hakuna pendekezo lililokubalika na wote. Katika sura ya 17, usiku wa manane umepita, Bloom akivua nguo, riwaya yenyewe inauliza M'Intosh alikuwa nani.

Andika jina lake juu ya ukurasa huo. Kila anapopita, andika sura na mstari. Wangu una mistari kumi na kitu sasa, na bado ninaandika.