Kupima Hasara za Kuhamia Majimbo ya Joto ya Marekani Kabla ya Kufunga Mizigo

Familia nyingi zinazoishi Minnesota, Ohio au Massachusetts huanza kuzungumzia Texas, Florida na Arizona pale msimu wa theluji unapokataa kwisha, na sababu wanazozitoa zinaeleweka: nyumba kubwa kwa bei nafuu, kazi zinazopatikana, jua la kutosha, na, kwa Texas na Florida, kutokuwepo kwa kodi ya mapato ya jimbo. Faida hizo ni za kweli, na dalali yeyote atakusimulia zote bila kuombwa. Mwongozo huu unashughulikia upande wa pili wa mizani, na unaongozwa na swali moja ambalo msomaji anapaswa kuliuliza mbele ya kila takwimu atakayoonyeshwa: je, gharama hii ni ya yule aliyefika zamani, au ni yangu mimi ninayefika sasa? Mahali panapokua kwa kasi gharama hizo mbili hutofautiana mno, na mara nyingi mgeni ndiye anayebeba iliyo kubwa.

Kodi ya muuzaji si kodi yako

Anza na kodi, kwa kuwa ndiyo chambo kikubwa. Chukua fomu yako ya W-2 ya mwaka uliopita, ile ya mshahara na makato unayopewa na mwajiri, utazame kisanduku cha 17, ambamo huandikwa kodi ya mapato iliyokatwa kwa ajili ya jimbo, kisha utoe marejesho yoyote uliyopata. Kinachobaki ndicho takribani utakachookoa Texas au Florida, na Arizona utaokoa pungufu ya hapo kwa sababu jimbo hilo hutoza asilimia 2.5. Weka kiasi hicho kando ya kodi ya majengo ya nyumba unayoitamani, ukikumbuka kwamba Texas, kwa kukosa kodi ya mapato, huendesha shule na kaunti zake kwa kutegemea sana kodi ya majengo.

Mtego uko katika bili ya kodi unayoonyeshwa. Tangu 1995 Florida imeweka ukomo wa ongezeko la thamani inayotozwa kodi kwa nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake: isizidi asilimia 3 kwa mwaka, au kiwango cha mfumuko wa bei kikiwa chini ya hapo. Mtu aliyeishi humo miaka 20 hulipa kodi kwa thamani iliyoachwa mbali na bei ya soko, lakini nyumba ikishauzwa, thamani hiyo hupandishwa mwaka unaofuata hadi kufikia soko, na mnunuzi hupokea bili ambayo hakuiona alipokuwa akipiga hesabu. Texas nayo ina ukomo wa aina hiyo, wa asilimia 10, na nao hauhamishiwi mnunuzi. Nyumba mpya ina kasoro yake: kama tarehe 1 Januari ilikuwa bado ni kiwanja au msingi tu, kodi ya mwaka wa kwanza hukadiriwa kwa hali hiyo, benki iliyokukopesha ikakusanya fedha za kodi pamoja na malipo ya mkopo kwa makadirio hayo madogo, na mwaka wa pili malipo ya kila mwezi yakapanda kwa ghafla huku ukidaiwa pia upungufu wa mwaka uliopita.

Uliza vilevile kama mtaa umo ndani ya wilaya maalumu ya huduma. Katika viunga vipya vya Houston na Austin wilaya hizo, zinazojulikana kama MUD, hukopa fedha za kutandaza mabomba ya maji na majitaka, na wakazi hulirejesha deni kwa kodi ya ziada. Florida zinaitwa CDD. Jibu unalolitaka lina sehemu mbili: kiasi cha mwaka, na mwaka ambao deni litakwisha.

Bima kwanza, bei ya nyumba baadaye

Kama kuna sehemu moja ya kupoteza jioni nzima, ni hii. Desturi ya wengi ni kukubaliana bei ya nyumba ndipo watafute bima. Kwa Florida na pwani ya Texas ningeshauri mpangilio huo ugeuzwe kabisa. Pata anwani kamili, mwaka wa ujenzi na mwaka ambao paa liliwekwa, kisha uombe makadirio ya maandishi kutoka kwa mawakala wawili au watatu kabla ya kutoa ofa. Umri wa paa pekee unaweza kuifanya kampuni ikatae kukupokea. Florida ina shirika la Citizens, lililoanzishwa 2002 kwa ajili ya wanaokosa bima kwa kampuni binafsi, na mwaka 2023 lilikuwa na mikataba zaidi ya milioni moja. Shirika lililokusudiwa kuwa kimbilio la mwisho likibeba wateja wengi kiasi hicho, soko lenyewe limekwisha kukueleza hali yake.

Ukipata makadirio, usiishie kwenye malipo ya mwaka. Tafuta kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe endapo uharibifu umetokana na kimbunga, kwa kuwa mara nyingi huandikwa kama asilimia ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima na si kama fedha taslimu. Nyumba iliyokatiwa bima ya dola 350,000 ikiwa na kiwango cha asilimia 2, dola 7,000 za kwanza ni zako. Kikiwa asilimia 5, ni dola 17,500. Familia isiyo na akiba ya kiasi hicho ina bima ya karatasi tu.

Bima ya kawaida ya nyumba haifidii mafuriko. Mpango wa serikali kuu wa bima ya mafuriko, uliopo tangu 1968, hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo la familia na dola 100,000 kwa vitu vilivyomo, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, isipokuwa pale unapodaiwa na mkopeshaji wakati wa kununua nyumba. Ramani za mafuriko za FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, husaidia, lakini usizichukue kama hukumu ya mwisho: kimbunga Harvey kilipoinyeshea Houston mwezi Agosti 2017, maji yaliingia katika nyumba nyingi zilizokuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kuwa ya hatari, na wengi wa wenye nyumba hizo hawakuwa na bima ya mafuriko. Muulize jirani, si muuzaji peke yake, maji yalifika wapi safari ile.

Anayependelea kununua sehemu katika jengo la ghorofa huko Florida ana somo jingine. Baada ya jengo la Champlain Towers South kuanguka Surfside tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98, jimbo lilipitisha sheria ya ukaguzi wa lazima kwa majengo ya zamani ya ghorofa 3 na zaidi, pamoja na kuweka akiba ya matengenezo makubwa. Sheria ni njema, ila anayelipia ni mmiliki wa sasa, hata kama nyufa zilianza kabla hajazaliwa. Dai ripoti ya ukaguzi, hesabu ya akiba na mihtasari ya vikao vya wamiliki kabla ya kusaini chochote.

Joto, maji na umeme

Anayetembelea Phoenix mwezi Februari hajaiona Phoenix. Mwaka 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kupita nyuzi 43 za selisiasi, na kaunti ya Maricopa ilithibitisha vifo 645 vilivyohusishwa na joto mwaka huo. Aliyelelewa Mombasa au Dar es Salaam asidhani amekwisha kulizoea: pwani kuna upepo wa bahari, na maisha yamepangwa kulizunguka jua, ilhali huku kuna lami, zege, na kazi ambazo haziahirishwi saa nane mchana. Anayefanya kazi za ujenzi, bustani au kusambaza mizigo ajue kwamba mwaka 2024 Florida ilizipiga marufuku serikali za mitaa kujiwekea kanuni zao za kuwalinda wafanyakazi dhidi ya joto. Kiyoyozi si anasa hapo. Omba kuona bili za umeme za Julai na Agosti, si wastani wa mwaka, na uulize kiyoyozi kina umri gani, kwa sababu kikifa katikati ya kiangazi hutakuwa na muda wa kujadiliana bei na fundi.

Maji ni swali la Arizona hasa. Sheria ya 1980 inataka mtaa mpya katika maeneo yanayodhibitiwa uonyeshe kuwa una maji ya kutosheleza miaka 100, na mwezi Juni 2023 jimbo lilisimamisha vibali vya mitaa mipya ya eneo la Phoenix inayotegemea maji ya ardhini pekee. Kwa hiyo uliza maji ya nyumba hiyo yanatoka wapi na yanaletwa na nani, hasa nyumba ikiwa nje ya mipaka ya jiji.

Umeme ni swali la Texas. Gridi yake kuu, inayosimamiwa na shirika liitwalo ERCOT, imetengana kwa sehemu kubwa na gridi za majimbo mengine. Februari 2021 baridi kali iliwakatia umeme mamilioni ya watu, mabomba yakapasuka, na hesabu rasmi ya jimbo ikafikia vifo 246. Ni kinaya kwamba aliyekimbia baridi anahitaji blanketi za akiba huko pia.

Kazi, afya na watoto

Texas ilivuka watu milioni 30 mwaka 2022, na mwaka huohuo Florida ikaongoza majimbo yote kwa kasi ya ukuaji, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1957. Barabara, madarasa na madaktari hawaongezeki kwa kasi hiyo. Ipime safari ya kazini saa moja asubuhi siku ya kazi, na uulize wilaya ya shule kama inakusudia kuchora upya mipaka, maana nyumba iliyonunuliwa kwa ajili ya shule fulani yaweza kuhamishiwa nyingine.

Kima cha chini cha mshahara Texas ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijabadilika tangu 2009. Texas na Florida hazijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tofauti na Arizona na Minnesota, hivyo mtu mzima mwenye kipato kidogo aliye na bima ya serikali anakotoka anaweza kuikosa kabisa anakokwenda. Kwa walio katika uuguzi, na ni wengi miongoni mwetu tuliotoka Afrika Mashariki, Texas, Florida na Arizona zimo katika mkataba wa leseni ya pamoja, unaomruhusu muuguzi kufanya kazi katika majimbo yote wanachama kwa leseni moja, lakini Minnesota ilikuwa bado haijajiunga mwaka 2024. Atokaye huko aombe leseni mpya mapema, na wasaidizi wa wauguzi waulizie kuhamisha usajili wao. Mwenye mtoto anayekaribia chuo azingatie kwamba ada ya mkazi kwa kawaida hudai miezi 12 ya kuishi jimboni. Asiye raia naye anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10.

Kupanga nyumba kabla ya kununua

Kurudi nyuma kuna gharama ambayo huwa haiandikwi popote. Bei za nyumba Austin zilipaa hadi 2022 kisha zikashuka, na aliyenunua kileleni akataka kuondoka alijikuta akiuza kwa hasara. Kwa sababu hiyo naona kuishi mwaka mzima katika nyumba ya kupanga ni bora kuliko ziara nyingi, mradi mkataba uanze majira ya machipuo, ili uipitie Julai na Agosti, na pia kilele cha vimbunga mwezi Septemba, kabla ya kuamua. Upungufu wa njia hii ni kwamba mpangaji haoni bima ya jengo wala kodi ya majengo. Kila mwezi endelea kuomba makadirio ya nyumba mbili au tatu za mtaa huo na kuyalinganisha. Mpangaji anaruhusiwa kununua bima ya mafuriko kwa vitu vyake, na kwa kuwa msimu wa vimbunga huanza 1 Juni na bima hiyo husubiri siku 30, malipo yafanyike kabla Mei haijaanza.