Kupanga namba nzima kwa kutumia milima yetu
Mzazi wa Moshi au Arusha anayemsaidia mtoto kupanga namba nzima amwelekeze kwanza ahesabu tarakimu, kwa sababu mtoto anayetazama tarakimu ya kushoto peke yake atasema kuwa 900, ambayo kwa mita ni takriban mwinuko wa mji wa Moshi, ni kubwa kuliko 1,400 ya Arusha, eti kwa kuwa 9 inaizidi 1. Namba yenye tarakimu nyingi zaidi ndiyo kubwa, mradi isianze na sifuri. Idadi ya tarakimu ikilingana, namba ziandikwe moja chini ya nyingine, mamoja chini ya mamoja, kisha zisomwe kutoka kushoto hadi pale tarakimu zinapotofautiana. Kati ya vilele vya Mlima Kilimanjaro, Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi 5,149: maelfu yanalingana, lakini kwenye mamia 8 inaizidi 1, na kazi imekwisha hapo, makumi na mamoja hayahitaji kutazamwa tena, ingawa watoto wengi (na baadhi ya watu wazima) huendelea kuyakagua bure. Mlima Meru wenye mita 4,566 ukiongezwa, mpangilio wa kupanda, yaani kutoka ndogo hadi kubwa, unakuwa 900, 1,400, 4,566, 5,149, 5,895.